Maswali kumi mlangoni mwa mtu

Kila mradi unaokuja Pemba huja na fomu yake. Uwe wa maji, wa kuku, wa mikopo ya akina mama au wa miche ya mikoko, kabla hakijagawiwa chochote lazima ijulikane nani maskini na nani ana nafuu, na ijulikane upesi. Kazi ya kuuliza nimeifanya kwa miaka, Wete, Micheweni, Mkoani, na mara nyingine Unguja, na siku hizi nawafundisha vijana wanaoanza. Fomu za kurasa arubaini nimezijaza, za ukurasa mmoja nimezijaza. Hizi za ukurasa mmoja ndizo ninazotaka kuzizungumza leo, kwa sababu nazithamini, na kwa sababu naona zinatumika kwa jambo ambalo hazikutengenezewa.

Kwanza ile kazi ndefu, maana fomu fupi imezaliwa nayo. Zanzibar ina utafiti wake wa mapato na matumizi ya kaya, unaofanywa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Umefanyika 2004/05, 2009/10, 2014/15 na 2019/20. Mdadisi hupangiwa kaya zake, na kila kaya huwekewa daftari. Humo huandikwa siku kwa siku kilicholiwa na kilichotumika: kilichonunuliwa, kilichotoka shamba, kilicholetwa na jirani kwenye sahani iliyofunikwa kawa. Ukusanyaji huzunguka mwaka mzima ili masika na kiangazi vyote vipate kuonekana.

Watu hudhani ugumu wa kazi hiyo uko kwenye hesabu. Ugumu uko kwenye fungu la samaki. Mama anakwambia, "Jana tulinunua fungu moja la vibua na fungu moja la muhogo." Haya, fungu ni kiasi gani? Pale diko, wanaposhushia na kuuzia samaki, mwuzaji huyapanga mafungu mezani, yote bei moja. Bahari ikitoa, fungu lina vibua sita walionona. Kusi likivuma na vyombo visipotoka, bei ni ile ile lakini fungu lina vitatu, vyembamba, na pengine kimoja kimeshaanza kulegea tumbo. Ukiandika "fungu moja" tu, hujaandika kitu. Kwa hivyo mdadisi mzuri huenda na mizani ndogo mpaka diko, akanunua fungu, akalipima, akaandika gramu na tarehe, na wiki nyingine akarudi kupima tena. Mchele una afadhali kidogo, kwani kila mtu anajua vibaba vinne ni pishi moja. Lakini nako uangalie kopo lenyewe. Yako maduka ambayo kopo la kupimia limebonyezwa kitako kwa ndani, na mteja anayenunua kidogo kidogo kila siku ndiye anayepunjwa kila siku. Mwenye kununua gunia hapiti kwenye kopo lile.

Baada ya jasho lote hilo, matumizi ya kaya hugawanywa kwa watu wake, mtoto mdogo akihesabiwa pungufu ya mtu mzima, kisha hulinganishwa na mstari wa umaskini: gharama ya chakula cha kuutosha mwili, ikiongezwa nguo, makaazi na mengine yasiyoepukika. Kwa mstari huo, asilimia 34.9 ya watu wa Zanzibar walikuwa katika umaskini wa mahitaji ya msingi mwaka 2009/10, asilimia 30.4 mwaka 2014/15, na asilimia 25.7 mwaka 2019/20. Ndani ya tarakimu hizo Pemba imeachwa mbali na Unguja, na katika utafiti wa 2014/15 wilaya ya Micheweni ndiyo iliyokuwa na hali ngumu kuliko zote. Anayepita Konde kuelekea kaskazini, akaziona nyumba na akawaona watoto wanaogonga kokoto kando ya njia, hahitaji kuambiwa.

Mradi wa kuku hauna mwaka mzima wa kusubiri, wala hauna mizani. Hapo ndipo fomu fupi inapoingia. Iliyoenea zaidi duniani inajulikana kwa herufi PPI, yaani Poverty Probability Index, kipimo cha uwezekano wa mtu kuwa maskini. Aliyeibuni ni Mark Schreiner, ikaenezwa na Grameen Foundation, na sasa inasimamiwa na Innovations for Poverty Action. Kila nchi inayoitumia ina yake, na kila moja ina maswali kumi. Mko wangapi nyumbani? Watoto wote wanakwenda skuli? Sakafu ni ya nini, paa ni la nini? Mnapikia kuni, mkaa au gesi? Mna pasi, mna televisheni, mna kitanda? Kila jibu lina alama zake, alama hujumlishwa kutoka sifuri hadi mia, na kwenye jadweli unasoma uwezekano wa kaya yenye alama hizo kuwa chini ya mstari wa umaskini. Dakika kumi umemaliza, chai ya mwenyeji haijapoa.

Namna maswali yanavyochaguliwa ni kazi ya akili sana, na inastahili kuelezwa vizuri kwa sababu wengi wanaobeba fomu hizi hawajaelezwa. Wataalamu huchukua ule utafiti mrefu, ambamo kila kaya imeshajulikana inatumia kiasi gani na ina vitu gani ndani. Kisha hutafuta ni vitu gani vichache, vinavyoonekana kwa macho na vigumu kudanganywa, ambavyo kwa kawaida hufuatana na matumizi ya kaya. Pasi yenyewe hailishi mtu. Lakini ikiwa kwenye maelfu ya kaya zilizopimwa wenye pasi wana matumizi makubwa zaidi kuliko wasio nayo, basi pasi inafaa kuulizwa. Swali linabaki kwenye fomu kwa sababu linabashiri vizuri, hata kama halina uhusiano wowote na sababu ya mtu kuwa maskini.

Sasa angalia jibu linalotoka. Tuseme kaya imepata alama fulani na jadweli linasema uwezekano wa asilimia 40. Maana yake ni kwamba ukikusanya kaya mia zenye alama zile zile, karibu arubaini zitakuwa maskini na karibu sitini hazitakuwa. Arubaini zipi? Fomu haijui. Haikuahidi kujua. Ukitaka kujua kikundi chako cha kuweka na kukopa kinawafikia maskini kwa kiasi gani ukilinganisha na kikundi cha shehia ya pili, yaani mtaa wa pili ulio chini ya sheha wake, fomu hii itakupa jibu la kuaminika kwa gharama ya karatasi na soda, kwa sababu makosa ya nyumba hii na makosa ya nyumba ile yanafidiana. Ukitaka kujua kama Bi fulani, huyu aliyekaa mbele yako na mtandio wake wa buluu, apewe au anyimwe, hakuna cha kufidiana. Yeye ni mmoja.

Na hilo ndilo linalofanyika. Nimeona alama ikikatwa katikati kama kisu, walio chini wakaandikwa na walio juu wakafutwa, na aliyefuta akaondoka na imani kwamba ni hesabu iliyoamua. Hesabu haikuamua. Mtu ndiye aliyeamua kuitumia hesabu ya kundi kumhukumu mtu mmoja.

Nitasimulia nyumba mbili zinazopakana, kaskazini ya Pemba. Ya kwanza ni ya matofali, bati juu, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, televisheni imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Fomu ikaipa alama nyingi. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mjane, aliyejengewa na mwanawe alipokuwa akifanya kazi Oman. Kijana akarudi mgonjwa, akafariki. Bati halikuondoka, saruji haikuondoka. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaniitikia, "Marahaba mwanangu, pita uani." Uani kulikuwa na sufuria moja ya muhogo wa kuchemsha, bila nazi, na wajukuu wane wakisubiri. Ile televisheni haina umeme kwa kuwa hana cha kununulia umeme.

Ya pili ni ya udongo na makuti, sakafu ya vumbi, wanapikia kuni. Alama chache kabisa. Lakini mzee wa nyumba ile ana mikarafuu yake mwenyewe, haikukodishwa wala haikuwekwa rehani, na ana ng'ombe bandani. Mwaka wa mchumo mzuri hushika fedha ambazo jirani yake hajapata kuzishika. Hataki tu kujenga, kwa sababu zake.

Wataalamu wakisikia hadithi kama hii husema ni kaya mbili tu, na kwa wastani fomu iko sawa. Wanasema kweli. Lakini kati ya hao wawili mmoja alipata kuku na mmoja hakupata, na huo wastani haukuwa nyumbani kwa yeyote kati yao.

Liko jambo jingine ambalo kwetu lina uzito wa pekee. Fomu ya Tanzania ya maswali kumi ilijengwa kwa takwimu za utafiti wa kaya wa Tanzania Bara. Sisi tuna utafiti wetu, kwa hiyo kaya zetu hazimo katika hesabu iliyozaa zile alama. Umaskini wa Dodoma na umaskini wa Micheweni haujifichi mahali pamoja. Huku hata mnyonge hujitahidi ale wali, japo wa mapembe, ule mchele wa bei ndogo, na ukimwona mtu ameacha wali kwa siku kadhaa ujue limempata jambo. Ukiuliza kama kaya inamiliki ardhi, wengi watakujibu, "Tuna eka tatu," kwa sababu baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali iligawa mashamba ya eka tatu tatu. Hujauliza ni ndugu wangapi wanaogawana mavuno ya hizo tatu sasa, kizazi cha tatu. Na ukija Mji Mkongwe ukatazama ukuta wa mawe na mlango wa nakshi, fomu itasema hapa pana wenye nacho, kumbe ndani kila chumba kina kaya yake na dari imeegemezwa nguzo isije ikawaangukia.

Halafu wakati. Wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, huingia pwani bamvu, maji yanapotoka sana, na fedha yao hufuata majira hayo. Ukimwuliza mtu matumizi ya wiki iliyopita, jibu la bamvu si jibu la maji mafu, na mwanamke ni yule yule. Mchumo wa karafuu ukianza, Pemba nzima hubadilika. Wachumaji hulipwa kwa pishi, watoto hununuliwa sare za skuli, madeni ya dukani hulipwa. Ukipima mwezi ule na ukarudi baada ya mchumo kwisha, utadhani umaskini umepanda ghafla. Ramadhani nayo ina hesabu yake. Kaya ambayo mwaka mzima hainunui nyama itanunua, zaka na sadaka zitapita, futari itatoka nyumba hii kwenda ile, na daftari la matumizi litanenepa. Fomu fupi ina sifa moja nzuri hapa: paa halibadiliki kwa Ramadhani. Ndiyo faida ya kuuliza vitu badala ya fedha. Lakini ndiyo hasara pia, maana hata aliyefiwa na mume jana, paa lake ni lile lile.

Swali ambalo vijana wangu hulidharau ni la kwanza kabisa: mko wangapi? Kitabu kinasema kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Haya, bwana ana wake wawili, mmoja Chake Chake na mmoja Unguja, anakwenda kwa zamu. Ni mtu wa kaya ipi? Wote wawili watamtaja, kila mmoja kwa haki yake, na akiandikwa mara mbili kaya zote mbili zitaonekana zina mwanamme mwenye kazi. Mtoto anayelala kwa bibi yake na kula kwa mama yake, je? Kwenye fomu nyingi idadi ya watu ndiyo yenye alama nyingi kuliko maswali mengine, kwa hiyo ukikosea hapo umekosea zaidi ya kukosea pasi.

Na mtu mwenyewe hapendi kusema. Kwetu njaa ni jambo la kusitiriwa. Nimekaa na mama ambaye sauti ya tumbo la mwanawe tuliisikia sote, na bado alinijibu, "Alhamdulillah, twala." Kumwambia mdadisi wa kiume, mgeni, ameshika kishikwambi, tena barazani watu wanapita, kwamba jana usiku watoto wamelala na uji mtupu? Hasemi. Mimi kwa kuwa mwanamke hupitishwa mpaka uani, na uani majiko hujisema yenyewe: majivu ya jana, chungu kilichopinduliwa, mkungu wa ndizi uliobaki chane moja. Huwaambia vijana wasianze na maswali ya fomu. Waulize kwanza habari za mwani au karafuu, wasaidie kupepeta mchele kama upo, ndipo waulize jana kulipikwa nini na kitoweo kilikuwa nini. Kuuliza "jana" kunajibika. Kuuliza "kwa kawaida" hukupa jibu la heshima.

Swali ninalolipenda kuliko yote halimo kwenye fomu yoyote niliyoijaza. Huuliza: mkikwama, mnakopa duka gani, na mwenye duka bado anawakopesha? Kila mtaa una duka lenye daftari la madeni. Aliye katika daftari bado ana mtu anayeamini kuwa atapata kesho. Aliyeambiwa "lipa kwanza lile la nyuma" ameshafika pabaya, hata kama ana bati. Mwenye duka anaijua hali ya mtaa kuliko mradi wowote, na anaijua wiki hii, si mwaka juzi. Simshauri mtu akamdodose mwenye duka habari za wateja wake, hiyo ni siri yao. Lakini mama mwenyewe ukimwuliza kwa upole hukwambia, kwa sababu hilo halimwaibishi kama kuulizwa njaa.

Yako mawazo mengine ya kupima, na la majirani ndilo la zamani. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania, huanza na mkutano wa jamii, watu wakataja wenyewe kaya zilizo duni, kisha dodoso na kanuni ya alama zikachuja orodha. Mwaka 2012 Vivi Alatas na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji 640 vya Indonesia: kwingine waliachia kanuni ya alama ichague, kwingine wakaachia wanakijiji wapange majirani zao kuanzia aliye duni hadi mwenye nafuu, na kwingine wakachanganya njia zote mbili. Kwa kipimo cha matumizi ya fedha, kanuni ilikosea pungufu kidogo kuliko wanakijiji. Lakini wanakijiji waliridhika zaidi na chaguo lao wenyewe, na walikuwa na maana yao ya umaskini ambayo haikuwa fedha peke yake.

Mimi siwatukuzi majirani kupita kiasi. Nimehudhuria mikutano ambayo jamaa za wakubwa walitajwa mwanzo, na aliyehamia kutoka kisiwa kingine hakutajwa na mtu. Mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba hasahauliki, huachwa makusudi. Lakini mkutano una kitu kimoja ambacho alama hazina: unaweza kusimama ukabisha. Ile namba ya kishikwambi ikishatoka, nani ataibishia, na kwa lugha gani?

Wakati mwingine jibu bora ni kutopima kabisa. Aprili 2016 Zanzibar ilianza Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Hakuna kuulizwa paa, hakuna kuulizwa pasi. Umri unatosha. Bibi wa ile nyumba ya bati hajafika umri huo, lakini akifika hatanyimwa kwa sababu ya saruji ya marehemu mwanawe. Najua si kila kitu kinaweza kutolewa hivyo. Fedha ni chache na kuku ni wachache zaidi. Ila kila ninapoona mradi unatumia fedha nyingi kuchuja nyumba thelathini za shehia moja ambamo karibu wote ni maskini, hujiuliza ni kuku wangapi wameliwa na ule uchujaji.

Kwa hiyo maombi yangu kwa wanaotayarisha madodoso ya mwaka huu ni machache. Maswali kumi yatumike kuhesabu vikundi, kulinganisha shehia, na kuona baada ya miaka kama mradi unawafikia unaosema unawafikia. Alama za visiwani zijengwe kwa utafiti wa visiwani, kwani data ipo. Jina la mtu lisifutwe kwa alama peke yake. Aende mtu, awe mwanamke panapohitaji mwanamke, afike mpaka uani, na aliyefutwa aambiwe kwa nini na apewe siku ya kubisha mbele ya sheha na wenzake. Na kwenye kila fomu, pembeni ya tarehe, pawe na visanduku vitatu vya kutia alama: bamvu au maji mafu, mchumo au baada ya mchumo, Ramadhani au miezi mingine. Tarehe na saa kishikwambi hujiandikia chenyewe. Visanduku hivyo vitatu ni kazi ya alasiri moja kwa fundi wa programu, na niko tayari kukaa naye nikamwonyesha pa kuviweka.